Kulifuata shati kinyumenyume, kutoka kwenye lebo hadi shambani

Jumatano

Kikundi cha mafundi wanaoshona mashati ya pamba kimeniomba nikifanyie kazi moja. Wanataka lebo yao iseme kwamba mashati yametengenezwa kwa haki na bila kuharibu mazingira, tena kwa "pamba hai", yaani iliyolimwa bila kemikali zilizokatazwa, na kabla hawajachapa maneno hayo wanataka mtu wa nje ayapime. Nimekubali, ila kwa sharti kwamba nilifuate shati lote kinyumenyume: pasi, mshono, mkato, rangi, uzi, hadi pamba yenyewe. Lebo ikishasema "kwa haki" inakuwa imewasemea watu wote waliolishika shati hilo, hata wale ambao mafundi hawa hawajawahi kuonana nao.

Leo nimeshinda chumba cha kushonea. Cherehani kumi na mbili, ovaloki tatu, meza moja ya pasi. Nilianza na milango, na sioni pengine pa kuanzia. Tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, wafanyakazi 146 walikufa kwa moto, wengi wao wasichana, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miaka zaidi ya mia baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana tangu siku iliyotangulia, na bado mafundi wa nguo waliitwa warudi kazini asubuhi.

Hapa milango ni miwili, yote inafungukia nje, na haina kufuli wakati wa kazi. Lakini majora mawili ya kitambaa yalikuwa yameegemezwa kwenye mlango wa nyuma. Msimamizi aliyahamisha mwenyewe bila kubishana, akachukua chaki ya kuchorea nguo na kupiga mstari sakafuni kuonyesha mahali ambapo kitu chochote kisiwekwe tena. Sekunde chache tu za kazi, wala hakukuwa na gharama.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye daftari la malipo. Mafundi hulipwa kwa kipande. Shati moja, kwa kipimo chao wenyewe cha saa, linakula dakika 40 za cherehani. Siku ya saa nane ina dakika 480, na kwa hesabu hiyo wakaandika kwamba fundi anatakiwa kutoa mashati 12, kisha wakapanga bei ya kipande ili mashati 12 yatimize ujira wa siku. Lakini 12 ni idadi ya mtu asiyenyanyua kichwa. Kuna kubadili bobini, sindano inakatika, uzi unakatika, mtu anakwenda haja, kola inafumuliwa na kurudiwa. Ukiweka robo tatu ya muda kuwa ndiyo mshono halisi, zinabaki dakika 360, sawa na mashati 9. Bei ya kipande ilipaswa kupangwa ili mashati 9 yamtoshe fundi kwa siku nzima, tena kwa ujira wa kuendeshea maisha, siyo kima cha chini cha sheria peke yake. Kwa bei ya sasa, fundi wa kawaida anapoteza robo ya ujira wake kila siku, na hakuna anayemwibia kwa makusudi. Hasara hiyo imefichwa ndani ya kugawanya.

Nikaomba daftari la saa. Wiki nyingi ni za saa 45 au 46. Wiki moja ina saa 61. Mkataba namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na kanuni nyingi za wanunuzi huongeza hapo saa 12 za ziada, za hiari, basi. Nikauliza wiki ile kulikuwa na nini. Msimamizi akanifungulia barua za oda. Mnunuzi alikaa na sampuli siku tisa kabla ya kuiidhinisha. Tarehe ya kupokea mzigo haikusogea hata siku moja.

Alhamisi

Vifungo havishonwi karakanani. Hilo nililigundua jana jioni, nilipohesabu mashati yaliyokuwa yakitoka kwenye cherehani bila vifungo na kuambiwa kwamba hurudi kesho yake navyo. Wanashona wanawake wanne, kila mmoja nyumbani kwake, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa daftarini.

Kazi ya nyumbani si kosa. Shirika la Kazi Duniani liliipitishia mkataba wake mwaka 1996, namba 177, na kiini chake ni kwamba anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na mwenzake wa kiwandani: malipo, usalama, hifadhi ya jamii, haki ya kujiunga na chama. Ni nchi chache zilizouridhia, lakini karakana yoyote inaweza kuufuata bila kungoja nchi yake.

Nilikwenda kwa mmoja wao. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, mashati yamerundikwa kulia, yaliyokwisha kushoto. Kando yake alikuwapo mwanawe, wa miaka tisa hivi, anatenga vifungo vya kola na vya kifuani kwenye vikombe viwili.

"Mama, mzigo huu unatakiwa lini?"

"Kesho asubuhi."

"Na uliletewa lini?"

"Leo, baada ya saa nane. Ndiyo maana huyu ananisaidia. Siku nyingine anakuwa na daftari lake la shule."

Mkataba namba 138 wa mwaka 1973 unaweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, au 14 kwa nchi ambazo uchumi na shule zake bado havijakua. Namba 182 wa mwaka 1999, unaopiga marufuku aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, uliridhiwa na nchi zote wanachama ilipofika 2020. Mkaguzi angemwona mtoto yule, angeandika "ajira ya watoto", kazi ya vifungo ingefutwa, na mama yule angekosa kipato. Mimi nataka tarehe ibadilike. Mashati mia mbili yaliyoletwa alasiri na kutakiwa asubuhi yanahesabu mikono ya mtoto hata kama hakuna aliyemtaja. Nimependekeza mzigo wa vifungo upewe siku tatu kamili, wanawake wote wanne waandikwe daftarini, na wakati wa kukokotoa bei ya kifungo saa ipigiwe nyumbani kwao, kwa mwanga wao, badala ya kukisiwa mezani.

Ijumaa

Meza ya kukatia. Nimekaa saa chache tu, kwa sababu hapa kazi yao ni nzuri. Katika ushonaji mara nyingi asilimia 15 hivi ya kitambaa hubaki kama vipande. Mkataji wa hapa hupanga vipande vya karatasi kwa subira ya kupendeza, anageuza mkono wa shati, anabana kipande cha kifundo cha mkono kwenye pengo la kwapa, mpaka mabaki yake yanajaa gunia moja mahali ambapo wengine wangejaza mawili. Vipande vikubwa vinakuwa mifuko ya ndani, vidogo vinajazwa kwenye mito.

Kasoro niliyoiona ni glavu ya waya wa chuma, ile inayovaliwa mkono unaokaa karibu na kisu cha umeme. Ilikuwa imetundikwa ukutani, safi, haijavaliwa. Mkataji ni mwanamke mwenye mikono midogo, na glavu iliyonunuliwa ilikuwa ya saizi kubwa. Akiivaa inateleza, na ikiteleza ni hatari kuliko mkono mtupu. Wameagiza ndogo leo leo.

Jumamosi

Nimesafiri kwenda kwa mtia rangi. Ana masufuria mawili makubwa ya chuma, tangi la kusuuzia, na nyuma ya jengo shimo la kutuamisha maji lililojengwa kwa saruji. Anatumia rangi zile zinazoungana na nyuzi za pamba zenyewe, ambazo zinahitaji chumvi nyingi ya kuzisukuma ziingie kitambaani na magadi ya kuzifanya zishike. Hazichuji haraka, na hilo ni jema kwa mvaaji na kwa umri wa shati. Shida ni ile sehemu isiyoshika. Kwa rangi nzito inaweza kufika theluthi, na yote hutoka na maji.

Nilichovya karatasi ya kupimia asidi kwenye maji yanayotoka sufuriani. Ikawa buluu iliyokoza, kati ya 10 na 11 kwenye kipimo cha pH, ambacho 7 ndiyo katikati na juu yake ni ukali wa magadi. Kanuni nyingi za maji machafu hutaka yawe kati ya 6 na 9 kabla hayajaachiliwa. Mtia rangi analijua hilo vizuri. Ana pipa la asidi nyepesi ya kuyasawazisha, na shimo lake, akiliacha litulie usiku kucha, linashusha tope na vumbi la nyuzi chini. Nilimwuliza kama analiacha litulie kila mara. Akanijibu waziwazi: mzigo ukiwa mmoja kwa siku, ndiyo. Mizigo ikiwa mitatu, shimo linajaa adhuhuri, na maji ya mzigo wa tatu yanapita moja kwa moja.

Mizigo mitatu kwa siku inatokea lini? Alinionyesha kitambaa cha buluu nzito kilichorudishwa mara mbili kwa sababu mnunuzi, akikitazama kwenye picha ya simu, aliona hakilingani na alichokitaka. Kila kurudia ni sufuria jingine la maji, chumvi nyingine, kuni nyingine. Shati lile lina maji mara tatu ya yale yaliyopangwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyefanya uzembe kwenye sufuria. Rangi inapaswa kuidhinishwa kwa kipande halisi kilichotiwa rangi, mkononi, kwenye mwanga wa mchana, kabla ya mzigo kuanza.

Na hata shimo likitulia vizuri, chumvi haituami. Inabaki majini. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya Tiruppur, mji wa India unaoishi kwa fulana, vifungwe kwa sababu maji yao yaliuharibu mto Noyyal, na viwanda vingi kati ya hivyo vilikuwa vidogo, vya ukubwa ninaouzungumzia hapa. Udogo wa mmoja mmoja haukuusaidia mto. Kuiondoa chumvi kunahitaji mitambo ya kuchuja na kuvukiza ambayo mtia rangi mmoja hawezi kuimudu. Watia rangi wengi wakishirikiana wanaweza. Kwa sasa anachoweza ni kupunguza: rangi zinazohitaji chumvi kidogo, sufuria lenye maji machache kwa kilo ya kitambaa, na rangi nyepesi zaidi kwenye orodha ya mashati.

Nikaona pia makopo ya unga wa rangi. Mawili yana karatasi ya usalama kutoka kwa mtengenezaji. La tatu limenunuliwa sokoni, limeandikwa "nyekundu" kwa kalamu. Hilo nimeomba lisitumike. Baadhi ya rangi za kundi la azo, zikivunjika, hutoa kemikali zinazosababisha saratani, na Umoja wa Ulaya unazuia kemikali hizo zisizidi miligramu 30 kwa kilo ya kitambaa. Kopo lisilo na jina haliwezi kupimwa kwa macho. Wapo watakaosema basi watumie rangi za majani na mizizi. Zinapendeza, nazipenda, lakini nyingi hazishiki bila dawa ya kushikisha. Shabu haina madhara makubwa, ila shaba na kromu zina sumu, iwe rangi yenyewe imetoka kwenye jani au maabara.

Mtia rangi hana glavu ndefu. Kucha zake ni za buluu hadi kwenye nyama.

Jumapili

Hakuna kazi popote njiani, na ndivyo inavyotakiwa: angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, tangu mkataba namba 14 wa mwaka 1921.

Jumatatu

Kiwanda cha kusokota nyuzi. Hiki si kidogo. Karakana ya cherehani kumi na mbili inaweza kununua nyuzi zake kwa miaka na asiwepo hata mtu mmoja anayeijua kwa jina. Nilifurahi kwamba nimefika siku hii ya wiki, kwa sababu ugonjwa wa vumbi la pamba, bisinosisi, hujionyesha Jumatatu. Mfanyakazi hupumzika, mapafu yanatulia, akirudi kazini kifua kinabana saa chache baada ya kuanza. Katikati ya juma kinalegea, na kwa hiyo wengi hudhani ni mafua. Vumbi likiendelea kwa miaka, kubana huko hakuondoki tena.

Kwenye chumba cha kufungulia marobota, ambako pamba hupigwa na kuchanwa, hewa ilikuwa nyeupe. Kwenye mashine za kusokota palikuwa afadhali, mabomba ya kufyonza yanafanya kazi. Niliwauliza wanawake watatu wa chumba cha kwanza kama kifua kinawabana leo. Wawili walinyanyua mkono. Barakoa walizopewa ni za kitambaa chepesi, ambazo hazizuii vumbi laini. Kinachotakiwa ni kulifyonza vumbi palepale linapotoka, kisha barakoa ya kuchuja, kisha kupima pumzi za wafanyakazi mwanzoni mwa wiki na kuandika. Msimamizi alinisikiliza kwa heshima, akasema wanunuzi wake wote humwuliza unene wa uzi na bei. Mimi ni wa kwanza kumwuliza habari za kifua.

Nimemwandikia msimamizi wa karakana usiku huu kwamba swali hilo sasa ni lao. Wananunua kidogo, lakini wakiungana na karakana nyingine ndogo zinazonunua hapa watasikika.

Jumanne

Jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba. Hapa ndipo neno "pamba hai" la karakana lilipokatikia, na limekatika vibaya.

Mafundi waliambiwa na muuza uzi kwamba pamba ni ya kilimo hai. Kwa viwango vya GOTS, ambavyo ni vya kimataifa vya nguo za kilimo hai, bidhaa yenye angalau asilimia 70 ya nyuzi za kilimo hai inaweza kuandikwa kuwa imetengenezwa kwa nyuzi hizo, na ya angalau asilimia 95 inaweza kuitwa hai moja kwa moja. Lakini kila mkono uliopitisha pamba lazima uwe umekaguliwa, na kila mauzo yawe na cheti chake cha kuonyesha kilo ngapi zimetoka wapi kwenda wapi. Jineri niliyoitembelea inapokea pamba hai na ya kawaida msimu mmoja, mashine moja, na kati ya mzigo na mzigo mashine haisafishwi. Marobota ya hai yana kitambulisho cha karatasi kilichofungwa kwa kamba. Manne nilikuta kitambulisho kimedondoka, kimepachikwa tena kwa kukisia. Kutoka hapo, uzi, kitambaa na shati vyote vinabeba dhana tu.

Alama nyingine waliyotaka kuitumia ni ya OEKO-TEX Standard 100, iliyoanza mwaka 1992. Ni kipimo kizuri cha kemikali zilizobaki kwenye nguo yenyewe. Haisemi lolote kuhusu mto wa mtia rangi wala saa za fundi, na mnunuzi asifanywe aamini kwamba inasema.

Jumatano

Shambani. Mkulima anayeuza pamba kwenye jineri ile yumo kwenye kikundi cha wakulima wanaokaguliwa pamoja, utaratibu unaowasaidia wadogo wasilipe kila mmoja gharama ya ukaguzi wake. Anapanda kunde baada ya pamba, anachuma kwa mkono, na daftari lake la dawa ni safi kuliko madaftari yote niliyoyaona njiani.

Jirani yake yumo katika mpito wa kuingia kilimo hai. Chini ya kanuni za Marekani lazima shamba likae miezi 36 bila kemikali zilizokatazwa kabla ya mavuno kuitwa hai. Ulaya, kwa mazao ya msimu, miaka miwili kabla ya kupanda. Muda wote huo mavuno huwa yamepungua, kazi ya palizi imeongezeka, na pamba inauzwa kwa bei ya kawaida. "Mwaka wa kwanza nilijikaza," aliniambia. "Huu wa pili, mtu akinijia na dawa ya mkopo sijui kama nitamkatalia." Nilimwuliza kama kuna mnunuzi aliyemwahidi kununua pamba ya mpito. Hakuna. Kila mtu anamtaka akishafika.

Alhamisi

Tumekaa na mafundi, wanawake wa vifungo, mtia rangi, na mnunuzi kwa simu. Nimewashauri waliondoe neno "hai" kabisa mpaka vitambulisho vya jineri vinyooke, na maneno "kwa haki" yasubiri bei mpya ya kipande. Wanachoweza kuandika leo kwa ukweli ni mahali shati liliposhonwa, lilipotiwa rangi, na kwamba vipande vyake havikutupwa. Kikundi kimeamua pia kununua robota moja la pamba ya mpito kutoka kwa yule jirani msimu huu, bila lebo yoyote, kwa bei ya juu kidogo kuliko ya soko.

Sehemu kubwa ya kikao ilikwenda kwenye fomu ya oda. Imeongezwa mistari mitatu: rangi itaidhinishwa kwa kipande halisi, siyo picha; kila siku ambayo sampuli inakaa kwa mnunuzi inaongeza siku kwenye tarehe ya mzigo; vifungo vina siku tatu zao. Mnunuzi aliikubali yote mitatu, wa pili baada ya kunyamaza kwa muda mrefu.

Bei ya kipande hakuikubali. Tumemtumia hesabu ya dakika 40 na mashati 9, akasema atajibu wiki ijayo. Msimamizi amekunja kitambaa cha oda hiyo na kukirudisha kabatini. Hakitakatwa kabla ya jibu.